Nilikimbia, Nikakuta Kilio Changu

Kwetu mtu mzima hakimbii. Mtoto akikimbia, ametumwa au ameiba maembe. Kijana akikimbia, anafuata mpira au anafuatwa na askari. Lakini mwanamke mwenye nyumba, mwenye funguo shingoni na watu wanaomngoja ili wale, akionekana anakimbia mtaani kabla jua halijatoka, basi kuna mtu amekufa. Nilizaliwa Likasi, kusini mwa Kongo, na nimekulia Likasi. Jambo hili nalijua kama ninavyoijua njia ya kwenda bombani. Hata hivyo, asubuhi ile nililisahau.

Yote yalianza na betri. Nilikuwa nimempeleka mdogo wangu wa kike kwenye zahanati kwa ajili ya malaria. Muuguzi alikuwa amebadilisha betri za kile kimashine cha kupimia damu, akatafuta mkono wa kukijaribia. Mkono wa karibu ulikuwa wangu. Akaufunga, akabonyeza, akatazama. Akaufungua, akaufunga tena. Kisha akahamia mkono wa pili, na hapo akaacha kuniongelesha habari za mvua.

"Mama, mu familia yenu iko muntu ya tansiyo?"

Tansiyo ndivyo tunavyoita shinikizo la damu. Nikamwambia mama yangu aliondoka nayo.

"Alikuwa na miaka ngapi?"

"Makumi tatu na tisa."

"Na weye?"

"Makumi mbili na tisa."

Aliniambia nirudi kesho, na kesho kutwa. Siku zote tatu namba ilikuwa ya kumkunjisha uso. Daktari akaniandikia vidonge vya kila siku na kunikataza chumvi. Muuguzi yeye akauliza kazi yangu. Nikamwambia nashona, nguo za shule hasa, mashati meupe na sketi za bluu.

"Kwa hiyo unaikalaka siku muzima."

"Siku muzima."

"Basi mwili huo tuutoe ku kiti. Ukimbie. Anza polepole: dakika moja unakimbia, mbili unatembea. Kila asubuhi. Usinichekee, mama. Niko nasema kweli."

Nilikuwa nimecheka kwa sababu ya kile kiti. Mama alifia juu yake. Mimi nilikuwa darasani, mwaka wangu wa nne wa sekondari, nikaitwa mlangoni. Nilipofika nyumbani walikuwa wamekwisha kumlaza chini, lakini sketi aliyokuwa akiishona ilikuwa bado chini ya sindano. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma. Alipokosa kazi ya kiwandani alikwenda Kambove kuchimba kwa mikono, shimo likamfunika pamoja na wenzake wawili. Kwa hiyo jioni ile tulibaki watatu: mimi wa miaka kumi na sita, mdogo wangu wa kiume wa miaka mitano, na wa kike ambaye alikuwa bado hajajua kusema sawasawa. Wiki iliyofuata nilikaa kwenye kiti kile, nikaimalizia ile sketi. Sijakiacha tangu hapo.

Sikumwambia mtu habari ya zile namba. Sababu ilikuwa mdogo wangu wa kiume. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, imebaki miezi michache afanye mtihani wa serikali, wa kwanza katika ukoo wetu kuufikia. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimelala na homa siku nne, na siku ya nne alisimama mlangoni akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yaya, siku unaanguka, minye naacha masomo siku ileile, naenda ku karieri." Yaya ni dada mkubwa, na karieri ni machimbo. Alimaanisha kulekule Kambove. Na huyu mtoto akisema jambo hulifanya. Tabia hiyo hakuipata mbali, maana hata mimi niko hivyo.

Basi neno tansiyo halikutakiwa kuingia nyumbani mwetu. Vidonge nilivificha ndani ya kopo la vifungo. Hakuna anayefungua kopo la vifungo isipokuwa mshonaji.

Ilibaki kukimbia. Nilijishonea suruali kwa mabaki ya kitambaa cha bluu cha sketi za shule. Nilipoivaa usiku kuijaribu niligundua kwamba ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu tangu nivae rangi ile. Raba nilinunua za mtumba, za kiume, kubwa kidogo, nikajaza vitambaa kwenye ncha. Juu ya suruali nilifunga kitenge ili nitoke langoni kama mtu anayekwenda misa ya asubuhi.

Nikatoka. Wadogo zangu walikuwa wamelala.

Hatua hamsini za kwanza nilidhani kwamba watu wamekuwa wakitudanganya, kwamba kukimbia ni rahisi. Kitenge kilinibana mapaja, nikakivua na kukifunga kiunoni kwa fundo. Kilemba kikaanguka, nikakiokota na kukishika mkononi kwa sababu sikuwa na pumzi ya kusimama nikifunge upya. Kufika nguzo ya pili ya umeme kifua kilikuwa kinawaka, na chini ya mbavu za kushoto palikuwa na kitu kama sindano iliyovunjikia ndani ya kitambaa. Malori ya chokaa kutoka Kakontwe yalikuwa yamepita usiku, na vumbi jeupe likaniingia machoni. Machozi yakanitoka. Ilipokwisha dakika moja, kama ilikuwa dakika, nilianza kutembea. Nilikumbuka mwalimu wetu wa michezo, zamani, akitufundisha kwamba pumzi ikikata, uweke mikono kichwani ili kifua kifunguke. Nikaweka mikono kichwani.

Wakati huo nilikuwa napita mbele ya nyumba ya mama anayeuza makala, yaani makaa, jirani yetu wa siku nyingi, rafiki wa mama yangu. Alikuwa anafagia mbele ya lango lake. Aliniona: kichwa wazi, kitenge kiunoni, machozi, mikono kichwani.

"Kuko nini?" akaita. "Weye! Kuko nini?"

Nilitikisa kichwa. Nilitaka kusema hakuna kitu. Nikakimbia tena dakika yangu ya pili. Nyuma yangu nilisikia ufagio ukianguka.

Kwetu njia hii inaishia kwenye reli. Ng'ambo ya reli kuna barabara kubwa ya malori, na mimi sikuwa na sababu ya kufika ng'ambo. Nilifika relini nikiwa nimetembea zaidi kuliko kukimbia, nikakaa juu ya jiwe. Nilikaa muda mrefu. Jua lilitoka nikiwa palepale. Nilikuwa nafikiri kwamba kwa mara ya kwanza tangu mama afe hapakuwa na mtu hata mmoja anayejua niko wapi. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi, lakini niliona hofu, kama mtu aliyetoka na kuacha jiko linawaka. Nikainuka, nikarudi kwa kutembea, polepole, nikisimama kila baada ya nguzo mbili.

Ule upole wa kurudi ndio uliowapa watu nafasi.

Kwanza niliona moshi juu ya ukuta wetu. Kisha viti vyetu vikiwa nje. Halafu nikaiona cherehani ya mama, imewekwa peke yake kwenye mchanga, chini ya anga. Kwetu kukiwa na kilio, yaani msiba, jambo la kwanza ni kutoa vitu vyote sebuleni ili wanawake wakae chini kwenye mikeka, na wanaume wanawasha gogo la moto nje. Nilisikia wimbo. Najua nyimbo hizo, nilizisikia mara mbili nyumbani humohumo.

Nikawaza: mdogo wangu wa kiume. Kisha nikawaza: yule wa kike, malaria ilimrudia. Hapo nilikimbia. Sikuhesabu dakika wala sikusikia mbavu. Kama kuna siku nilikimbia maishani mwangu, ni pale, kutoka nguzo ya mwisho hadi langoni.

Wanawake wa kwanza kuniona walipiga ukelele ambao haukuwa wa kilio. Mmoja aliruka mkeka akakanyaga sufuria ya mwenzake. Mdogo wangu wa kike alikuja mbio akanikumbatia kiunoni kwa nguvu hata jasho langu likamlowesha shavu. Wa kiume alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, vumbi kichwani. Hakuinuka. Alinitazama tu, kama mtu anayesoma barua asiyoiamini.

Ilichukua muda kuelewana. Mama wa makala aliniona nikikimbia, akajua kwangu kuna maiti. Akaita wengine. Walipofika wakawakuta wadogo zangu wamelala, wazima. Wakawaamsha na kuwauliza nani amekufa, wao wakasema hawajui. Wakawahesabu. Watu wa nyumba ile ni watatu, wawili wapo. Basi aliyekufa ni yule asiyekuwepo. Hakuna aliyekumbuka kwamba asiyekuwepo ndiye aliyeonekana akikimbia. Au walikumbuka, wakasema alikuwa anakimbilia hospitali akaangukia njiani. Kila aliyefika aliongeza kipande.

"Sasa kama hakuna muntu alikufa," mama wa makala akasema, mikono kiunoni, "juu ya nini uliweka mikono ku kichwa?"

"Pumzi iliisha, mama."

"Pumzi inaishaka kwa muntu anakufa!"

"Na minye nilisha leta gogo," mzee mmoja akasema kutoka kwenye moto. "Gogo ya muzuri kabisa. Niliichunga juu ya kilio yangu mwenyewe."

"Papa, pole."

"Pole haizimi moto."

"Ulikuwa unakimbia nini?" mwingine akauliza.

"Nilikuwa nakimbia tu."

"Bure?"

"Bure."

Walitazamana. Mtu hafi bure, wala hakimbii bure. Niliona kwenye macho yao kwamba wangependa zaidi niseme kuna mwanaume ninayemfuata relini. Lingekuwa jambo la kueleweka.

Vitu vikishatolewa nje kwa kilio havirudishwi ndani hivihivi. Lazima watu wale kwanza. Nilisonga bukari, ule ugali wetu, kwa unga uliokuwa wa wiki nzima, nikapika na samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele niliokuwa nimewaweka kwa Jumapili. Walikula kwenye kilio changu, wakasema samaki hawana chumvi. Kisha wanaume walibeba cherehani ndani, na mzee alilimwagia gogo lake maji akaondoka nalo begani, likitoa moshi.

Mdogo wangu wa kiume alingoja hadi wote wakaondoka.

"Yaya, ulienda wapi?"

"Ku reli."

"Kufanya nini?"

"Kunyoosha miguu."

Alikuwa bado hajajipangusa vumbi. "Usikimbie tena," akasema. "Minye nilikuwa nimesha anza kufikiri nitavaa nini siku ya kukuzika."

Nikamwahidi kwamba sitakimbia tena mtaani.

Nikaanza kukimbia ndani ya lupango, ua wetu. Ilikuwa ahadi isiyovunjwa: nilisema mtaani. Asubuhi nilizunguka nyumba kabla hawajaamka. Hatua sitini na mbili mzunguko mmoja: kona ya choo, kamba ya nguo ambayo lazima uiinamie, mpapai, dirisha la chumba cha cherehani, lango, kona ya choo. Kila mzunguko nilikiona kile kiti dirishani, kinaningoja. Baada ya wiki mbili kulikuwa na njia ardhini, nyembamba kama ya mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Kuku waliijua, wakaipisha. Nilianza kuchukia mpapai.

Jirani wa nyuma ni mama wa kanisa la uamsho, mwenye sauti. Asubuhi moja kichwa chake kilitokea juu ya ukuta.

"Aleluya, dada! Minye naona kila siku unazunguka. Ni Yeriko?"

Watu wa Biblia waliizunguka Yeriko siku saba hadi ukuta wake ukaanguka. "Ndiyo, mama," nikasema huku nikipita.

"Mara saba?"

"Zaidi."

"Ukuta gani unataka ianguke?"

Nilikuwa nimefika upande wa pili wa nyumba, na hivyo sikulazimika kujibu. Lakini nilipozunguka tena alikuwa bado yupo, amefumba macho, ananiombea. Kwa siku tatu aliniombea kila asubuhi, na mimi nilikimbia, na kila mmoja wetu alimwonea haya mwenzake kidogo.

Mwisho wa mwezi nilirudi kwa muuguzi. Akapima, akakunja uso uleule.

"Dawa unakunywa?"

"Kila siku."

"Kukimbia?"

"Nazunguka nyumba."

"Nyumba? Kubwa?"

"Vyumba viwili na sebule."

Akatoa mashine mkononi mwangu taratibu. "Mama, ile si kukimbia. Ile ni kusonga bukari na miguu. Tafuta njia ndefu."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira juu ya mambo yote, hata juu ya mpapai. Njia ndefu ilikuwa moja, na nilikuwa nimeifunga kwa mdomo wangu. Nikiikimbia, wataniuliza kwa nini. Nikisema kwa nini, mtoto ataacha shule. Nikikaa, nitafuata njia ya mama, nami nimebakiza miaka kumi kufikia umri wake, kama nitapewa hata hiyo. Nilikuwa nimezungukwa pande zote, na kila upande kulikuwa na mtu anayenipenda.

Jibu nililipata bombani, au nilidhani nimelipata. Kwetu maji hayatoki kila siku. Yakitoka, habari hupita mtaani na wanawake hukimbia: wanene, wazee, wajawazito, wake za wachungaji, kila mmoja na bidoni, dumu lake la njano. Hakuna anayeuliza nani amekufa. Mwanamke mwenye bidoni ana haki ya kukimbia.

Nikachukua bidoni tupu. Kuhusu ile ahadi, nilijiambia kwamba kwenda kutafuta maji si kukimbia. Siku ya kwanza nilikimbia mpaka relini na kurudi, nikitembea pale nilipochoka, na watu walinisalimu kama kawaida. Siku ya pili vilevile. Bidoni tupu linapiga paja na kutoa sauti kama ngoma ya watoto, lakini nilizoea. Siku ya nne nilikimbia nguzo tano bila kusimama. Nguzo tano! Nilitaka kumwambia mtu. Nililiambia bidoni.

Siku ya tano nilisikia ngoma nyingi.

Nilitazama nyuma. Walikuwa wanawake saba au wanane, na mabidoni yao, na mbele yao mama wa makala, akikimbia kwa mwendo wa bata lakini akikimbia kweli. Walikuwa wameniona siku nne mfululizo nikipita bomba letu bila kusimama, nikienda mbele na bidoni. Wakaafikiana kwamba nimegundua bomba ambalo wengine hawalijui, na kwamba nawaficha.

Ningeweza kusimama palepale. Lakini nilikimbia, sijui kwa nini, kama mwizi. Wakanifuata mpaka relini. Hapo njia ikaisha.

"Mayi iko wapi?" mama wa makala akauliza, akihema, kilemba kimemwangukia sikioni.

"Hakuna."

"Hakuna namna gani? Unaendaka wapi kila siku na bidoni?"

"Hapa."

Wote walitazama hapa. Kulikuwa na reli, mawe, na mfuko wa plastiki uliokwama kwenye majani.

"Huyu mutoto atatuua," mmoja akasema, akakaa juu ya bidoni lake.

Mama wa makala hakukaa. Alininyang'anya bidoni langu, akalitikisa, akalichungulia ndani kana kwamba sababu ingekuwa humo. "Mara ya kwanza ulitufanya tulie bure," akasema. "Leo umetukimbiza. Minye niko na magoti ya zamani, na umenikimbiza mpaka ku reli. Sema leo. Uko na nini, mutoto ya rafiki yangu?"

Kama angeniita kwa jina ningedanganya tena. Lakini aliniita mtoto wa rafiki yake.

"Niko na tansiyo, mama. Sawa vile mama yangu alikuwa nayo."

Hakuna aliyecheka. Yeye ndiye aliyemwosha mama yangu. Alirudisha kifuniko cha bidoni langu, akakikaza vizuri, kama kuna kitu ndani cha kumwagika.

"Ah," akasema. "Ile."

Kisha akanisaidia kufunga kilemba, ingawa chake mwenyewe kilikuwa bado sikioni.

Tulirudi kwa kutembea, kundi zima, lakini neno lenyewe lilikuwa na miguu yake. Sijui nani alilitanguliza. Nilipofika nyumbani mdogo wangu wa kiume alikuwa amemwaga daftari zake zote kitandani. Ndani ya mkoba wa shule alikuwa anaweka tochi, suruali ya zamani, na nyundo ya baba. Ile nyundo ilirudishwa kwetu kutoka Kambove siku ya mazishi. Mimi ndiye niliyeiweka juu ya kabati, ikakaa huko miaka yote ile.

Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye kiti changu.

"Uko unaenda wapi?"

"Unajua."

"Mutihani ni mwezi unaokuja."

"Mutihani itangoja. Yaya, umenificha."

"Nilikuficha juu ya ile mukoba. Tazama mwenyewe. Nilijua utafanya hivi, na uko unafanya hivi."

Alifunga zipu. Mdogo wetu wa kike alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Fungua kopo ya vifungo," nikamwambia mvulana.

Akalifungua. Akaviona vidonge. Alivihesabu kwa macho, akaelewa kwamba vingine vilikwisha kumezwa, kwamba kila asubuhi nilikuwa nafanya kazi hii bila yeye.

"Minye nakimbia juu nisikufe," nikasema. "Nakunywa hii juu nisikufe. Bantu wamenilia niko muzima, nimezunguka nyumba kama mbuzi, leo nimekimbiza bamama mpaka ku reli. Yote ni juu umalize. Basi siku unaingia mu shimo, ile siku minye nalala. Sikimbii, sikunywi kitu. Naikala ku hii kiti."

Lilikuwa neno baya. Sijui kama ningelitekeleza. Lakini alinijua kwamba nikisema jambo hulifanya, na sikumsaidia kutilia shaka. Alikaa kitandani juu ya daftari zake.

"Na weye siku unaacha kukimbia," akasema mwisho, "minye naenda. Hata kama ni usiku wa mutihani."

"Sawa."

"Mvua ikinyesha?"

"Hata mvua."

"Sawa."

Tulifungana hivyo, kila mmoja akishika kamba ya mwenzake. Watu wengine wangekumbatiana. Yeye alitoa nyundo kwenye mkoba, akairudisha juu ya kabati, na mimi nikaendelea na kola ya shati iliyokuwa inatakiwa Jumatatu.

Mtihani aliufanya. Matokeo tunayangoja. Magari ya wachimbaji bado yanapita asubuhi kwenda Kambove, watu wamekaa juu ya mizigo, na mdogo wangu huyatazama hadi yaishe. Nami humtazama yeye. Namba ya muuguzi imeshuka, si sana; amesema nisiguse chumvi wala nisiache dawa, na yote mawili nimeyatii.

Nakimbia kila siku. Kwenda, sasa nafika relini bila kusimama. Kurudi, natembea nguzo mbili za mwisho. Sijaanza kupenda kukimbia. Nimesikia kwamba wengine hupenda, na kwamba huwa wepesi na kusahau nyumba. Mimi siisahau. Kabla ya kutoka naweka maharage kwenye mbabula, jiko letu la makala, na najua kwamba makala yale yanadumu muda wa kwenda na kurudi, hayazidi. Asubuhi moja, mwezi uliopita, nilivuka reli. Nilikuwa na pumzi bado, na barabara kubwa ilikuwa tupu, imelowa, inateremka. Nikakimbia hatua mia moja hivi ng'ambo, kisha mia nyingine. Hapakuwa na ukuta wala mpapai. Nikawaza maharage, nikageuka.

Mama wa makala huwa anafagia ninapopita. Hanisalimu kama watu wengine. Kila siku anasimamisha ufagio, ananingoja nikaribie, anauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Nani alikufa?"

"Hakuna muntu, mama!"

"Hata weye?"

"Hata minye!"

"Basi pita," anasema, na kuvuta ufagio wake pembeni.